Tulivyoenda Kigali Kumshangilia Mkwe

Habari ilinifikia dukani kwangu, Mtaa wa Uhuru, kabla hata sijamaliza kutundika kanga za nje. Mama mmoja anayeuza chai jirani yangu alikuja na birika mkononi, akaniinamia kama mtu mwenye siri ya serikali.

"Mkamwana wa shoga yako ameonekana alfajiri kule darajani Salenda," alisema. "Anakimbia kama anafukuzwa."

"Anafukuzwa na nani?"

"Ndiyo tunajiuliza. Nyuma yake hapakuwa na mtu."

Shoga yangu huyo tunaishi naye jengo moja Mchafukoge, yeye ghorofa ya nne, mimi ya tatu. Tumezaa tukiwa pale, tumefiwa na waume zetu tukiwa pale. Yeye anauza mabuibui na madera Kariakoo, mimi kanga. Mjini anajulikana kwa mambo mawili: ukali, na vigelegele. Harusi ya Kariakoo ikikosa vigelegele vyake watu huulizana kama anaumwa.

Ana mtoto mmoja tu wa kiume, anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Kijana huyo alimwoa binti wa Mbulu ambaye alikuja Dar kumsaidia shangazi yake kuuza vitunguu saumu sokoni. Binti mrefu, mwembamba, mkimya. Alisilimu, akaolewa, akahamia ghorofa ya nne kwa mama mkwe wake. Sisi majirani tulimwita mkwe, na mpaka leo tunamwita hivyo hivyo.

Nilipompelekea shoga yangu habari, alikaa kitako kwenye marobota ya nguo.

"Anakimbia nini?" aliuliza. "Amegombana na mumewe?"

"Sijui. Mbona wewe ndiye uliye naye nyumbani?"

"Mimi najua anakwenda kununua mkate!"

Ni kweli, mkate ulikuwa unanunuliwa. Kila siku baada ya sala ya alfajiri mkwe alikuwa anatoka na kurudi na mkate. Ila shoga yangu hakuwahi kujiuliza kwa nini mkate wa duka la chini ya ngazi unachukua muda wote ule.

Kesho yake alinigongea mlango kungali giza giza. Alikuwa amekwisha kukodi bajaji. Tulijibana nyuma, tumejitanda ushungi mpaka puani, tukamwona mkwe akitoka mlangoni kwa suruali ndefu nyeusi, fulana ya mikono mirefu na kilemba. Alitembea taratibu mpaka Mnazi Mmoja kama mtu anayekwenda zake kazini. Pale alijinyoosha kidogo, mara akaondoka.

Sijui nieleze vipi. Nimeona watu wengi wakikimbia; Dar siku hizi kila mtaa una klabu yake ya jogging, wanapita wanaimba barabarani. Lakini huyu hakukimbia hivyo. Alikuwa kama hakanyagi chini. Alikata Upanga, akapita hospitali, akatoka Salenda, akashika barabara ya baharini kurudi mjini, na muda wote mabega yake yalikuwa yametulia kama ya mtu aliyebeba ndoo kichwani.

"Mfuate, usimpoteze," shoga yangu alikuwa akimwambia dereva.

"Namfuata, mama. Huyu dada ana moto!"

Nilimtazama shoga yangu. Nilitarajia matusi. Nilitarajia suruali itajwe, na jina la marehemu mumewe litajwe. Badala yake, tulipokaribia Ocean Road alimwambia dereva asogee mpaka sambamba na mkwe, akatoa kichwa nje.

"We mtoto!"

Mkwe nusura aanguke. Alisimama, akashika magoti, macho yamemtoka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hapo katikati unakunywa maji wapi?"

"Sinywi, mama. Nakunywa nikirudi."

"Na joto hili?" Shoga yangu alisonya kwa nguvu mpaka dereva akageuka. "Utakuja kuanguka barabarani, watu waseme nimekutesa. Panda humu."

"Mama, nimebakiza kidogo tu."

Walitazamana. Kisha shoga yangu akarudisha kichwa ndani. "Haya, malizia. Tunakungoja Mnazi Mmoja."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wiki haikuisha, shoga yangu akampelekea fundi kitambaa chepesi, akamshonea mkwe nguo za kukimbilia ndefu zisizoshika mwili. Akanunua chupa za maji. Na kila Jumamosi, siku ya mkwe kukimbia mbali zaidi, sisi tulikuwa nyuma yake kwenye bajaji ile ile, na chupa, na taulo, na ndizi mbivu. Mwenzetu wa tatu alijiunga hapo hapo Upanga. Huyo ni Mhindi wa hapa hapa Dar, nesi mstaafu, Kiswahili chake kina vichochoro vingi vya Kariakoo kuliko changu. Alikuwa akituona tukipita chini ya nyumba yake kila Jumamosi, siku moja akatusimamisha akiwa na gauni la kulalia.

"Nyie mnamfukuza nani?" aliuliza.

Tulipomweleza alicheka mpaka akashika geti. Jumamosi iliyofuata alikuwa anatungoja na sanduku lake la dawa.

Mkwe alijiunga na klabu moja ya wakimbiaji wa mjini, na klabu hiyo ndiyo iliyoleta habari za Kigali. Walikuwa wanaenda huko kukimbia marathoni, ile nzima, kilomita arobaini na mbili. Basi limekodiwa, nafasi za washangiliaji zipo. Mume wa mkwe alikuwa ameapa kwenda. Lakini ule mwezi meli zilifuatana bandarini, makontena yamejaa, akanyimwa ruhusa. Alikuja kunieleza mimi kwanza, maskini, akiogopa kumwambia mama yake.

"Aende peke yake nchi ya watu?" shoga yangu aliuliza aliposikia.

"Yuko na klabu, mama."

"Klabu ndiyo nini? Klabu itamjua akiumwa? Nitaenda mimi." Akanigeukia. "Na wewe unaenda."

Sikuwa nimeulizwa. Mwenzetu wa Upanga naye hakuulizwa, aliambiwa tu tarehe ya safari.

Tulipanda basi stendi ya Mbezi alfajiri, sisi mama watatu tukiwa na mizigo mingi kuliko wakimbiaji wote kwa pamoja. Shoga yangu alikuwa amepika kana kwamba Rwanda hakuna chakula: visheti, kashata, kachori, mikate ya kumimina, vyote vimefungwa kwenye nailoni kimoja kimoja. Nilibeba kanga za kupeperusha. Nilizichagua kwa rangi, si kwa maneno, kwa sababu kule nani angeyasoma? Nyekundu na njano, zinazoonekana kutoka mbali.

Kiongozi wa klabu alisimama mbele ya basi, akatupa maelekezo. Alikuwa mwanamume mpole, mwalimu wa sekondari. "Washangiliaji, nawaomba jambo moja," alisema. "Mkimbiaji akiwa barabarani, asiguswe. Msimshike mkono, msimsukume, msimpe kitu nje ya meza za maji. Akisaidiwa na mtu wa nje, wanamtoa."

"Hata akianguka?" shoga yangu aliuliza.

"Akianguka kuna watu wa huduma ya kwanza, mama."

"Hata kama mimi ni mama yake?"

Basi zima lilicheka. Mkwe alikuwa amekaa dirishani, na nilimwona akigeuza uso kutazama nje. Sikuwa nimewahi kusikia shoga yangu akijiita mama yake mbele za watu. Nyumbani alikuwa akisema "mke wa mwanangu".

Safari ilikuwa ndefu mno, miguu ilituvimba, na tulipofika Rusumo mpakani nilikuwa nimechoka hadi kope. Pale ndipo maafisa walipofungua mizigo yetu. Kijana wa forodha wa upande wa pili, nadhifu, viatu vinang'aa, alichambua begi la shoga yangu akaanza kutoa nailoni moja moja.

"Mama, hizi haziingii Rwanda," alisema kwa Kiswahili kizuri tu.

"Visheti?"

"Visheti vinaingia. Nailoni haziingii, ni marufuku."

Basi tukakaa chini pale pale, mama watatu wazima, tukifungua visheti na kuvimwaga kwenye kanga zangu mpya. Mwenzetu wa Upanga alicheka mpaka machozi. Shoga yangu alikuwa amenuna, lakini tulipomaliza alimpelekea yule afisa visheti kwenye kiganja. Afisa alitazama huku na huku, akavila.

Klabu ilitupangia nyumba ya wageni Nyamirambo. Nilikuwa nimejiandaa kuwa bubu nchi ya watu, kumbe Nyamirambo wanaongea Kiswahili, adhana inasikika, maduka ya nguo yamebanana, watu wanabishana bei. Tofauti ni vilima. Barabara zao zinapanda na kushuka kama mtu aliyezichora akiwa na hasira. Na usafi! Shoga yangu alitafuta takataka chini kwa siku mbili, hakuipata.

Na baridi. Asubuhi ya kwanza tuliamka tukiwa tumejifunika kila tulichokuja nacho. Tulitoka uani tukamkuta mkwe amesimama na fulana tu, mikono ameinyoosha, macho ameyafumba, anavuta hewa.

"Utapata homa!" shoga yangu alimwambia, meno yakigongana.

"Mama, hii ni hewa ya kwetu." Alifumbua macho, na nikaona kwamba hata sauti yake ilikuwa nyingine. "Mbulu asubuhi iko hivi hivi. Mvuke unatoka mdomoni. Bibi yangu alikuwa anatutoa nje tukimbie ili tupate joto."

Alianza kutusimulia. Miaka yote ile pale jengoni sikuwahi kumsikia akiongea maneno mengi kiasi hicho mfululizo. Alisimulia njia ya shule, ng'ombe wa baba yake, ukungu unaofunika mashamba ya vitunguu. Shoga yangu alisikiliza amejikunyata ndani ya kanga mbili.

"Kumbe umekuwa ukiteseka na joto la Dar miaka yote," alisema mwishowe. "Na husemi."

"Nimezoea, mama."

"Hujazoea. Unavumilia." Akavuta kanga yake. "Nikirudi nitamwambia mwanangu anunue feni nyingine. Ya chumbani kwenu."

Jumapili ya mbio mji wote ulikuwa umefungwa. Hakuna gari, hakuna pikipiki. Mkwe aliondoka na wenzake mapema. Kabla ya kutoka alipiga goti mbele ya mama mkwe wake, kama siku ya harusi, na shoga yangu akamwekea mkono kichwani akamwombea dua kimya kimya. Kisha akamkagua kamba za viatu.

Sisi tulipanda kwa miguu mpaka mahali ambapo kiongozi wa klabu alituambia wakimbiaji watapita mara mbili: mwanzo mwanzo, na tena karibu na mwisho. Ilikuwa juu ya mwinuko mrefu. Watu wa Kigali walikuwa wamejipanga pembezoni kwa adabu, wanapiga makofi. Makofi mazuri, ya taratibu, kama ya watu walio kwenye mahafali.

"Hivi ndivyo wanavyoshangilia?" shoga yangu alininong'oneza.

"Ndivyo."

"Watoto wa watu watafika wamelala."

Wakatokea wa mbele, wanaume wembamba wanapita kama upepo. Makofi. Wakafuata wanawake, na katikati yao tukamwona mkwe wetu, mabega yametulia vile vile. Shoga yangu alisogea mbele, akaweka mkono mdomoni, na akapiga kigelegele.

Ule mlima ulikirudisha. Watu wote waligeuka. Mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni alianza kulia. Mwenzetu wa Upanga akadaka cha pili, mimi nikapeperusha kanga, na mkwe alipotuona alitoa tabasamu ambalo sikuwa nimewahi kuliona, la meno yote, akapita.

Kisha mama mmoja wa pale, mnene, mwenye kitenge cha kijani, akatusogelea. "Nyinyi mmetoka wapi?" aliuliza.

"Dar es Salaam. Kariakoo," shoga yangu alijibu kama anayetaja ikulu.

"Tufundisheni hiyo."

Tukawafundisha. Wakati tukingoja wakimbiaji warudi, pale juu ya mwinuko kukawa darasa la vigelegele. Mama wa kitenge alileta dumu tupu la maji akawa analipiga kama ngoma. Visheti viligawanywa. Kila aliyepita, awe Mkenya, Mzungu au Mnyarwanda, awe anakimbia au anajikokota, alipigiwa kigelegele chake. Mzee mmoja mkimbiaji alisimama akacheza kidogo mbele yetu, akaendelea na safari yake.

Jua lilipopanda wakaanza kurudi wale wa mbele. Wa kwanza walipita. Wanawake wakafuata, mmoja, mwingine, kundi dogo. Mkwe hakuwemo. Walipita wenzake wawili wa klabu, tukawauliza kwa mikono, mmoja akaashiria nyuma. Shoga yangu aliacha kupiga vigelegele.

"Yuko wapi?" alikuwa akiuliza. "Nesi, yuko wapi?"

"Atakuja. Ni mbali, shoga."

Alikuja akitembea. Alitokea chini ya mwinuko anachechemea, mkono kwenye paja, uso umekauka chumvi. Hatua chache, anasimama. Hatua chache, anasimama.

"Msuli umemkaza," alisema mwenzetu wa Upanga. Alikuwa ameshika sanduku lake la dawa kifuani na hakuruhusiwa kulifungua.

Shoga yangu alikuwa amekwisha kuondoka. Alishuka ule mwinuko pembezoni mwa barabara, kanga inaburuta, na mimi nyuma yake nikimwita. "Usimguse! Shoga, wallahi ukimgusa umemtoa!"

Alisimama pembeni kabisa ya barabara. Mkwe alikuwa upande wa pili wa kamba ya kuzuia watazamaji, hatua moja tu. Niliona mikono ya shoga yangu ikinyooka yenyewe, halafu akaikunja, akaifunga kifuani chini ya kanga, akaishikilia hapo.

"Mama, siwezi," mkwe alisema. Alikuwa analia. "Nimewaaibisha."

Nilingoja shoga yangu amwambie jikaze, au Mungu atakusaidia, maneno tunayoambiana sote. Hakusema hayo. Alianza kutembea pembeni yake, taratibu, sambamba, na akaongea kwa sauti ile ile ya kupigia soga jikoni.

"Unajua nilijuaje kwamba mwanangu kapenda?"

Mkwe alivuta mguu.

"Nilimtuma sokoni kitunguu saumu. Akaniletea. Kesho yake akaniletea tena, sijamtuma. Kesho kutwa tena. Nikasema labda mtoto anaumwa tumbo. Mwezi mzima, mwanangu, kila siku vitunguu saumu! Vikajaa kabatini, nikaweka chini ya kitanda. Wateja dukani wakaniuliza, mama, haya mabuibui mbona yananuka pilau?"

Mkwe alitoa sauti. Nilidhani ni kilio.

"Mende wakahama jengo. Muulize huyu," akaninyooshea kidevu, "walihamia kwake ghorofa ya tatu."

"Walihamia kweli," nilisema, na ilikuwa kweli.

"Siku hiyo nikamwita, nikamwambia, baba, kuna nini huko sokoni? Akaniambia, mama, kuna binti hapunguzi bei. Hapunguzi hata kidogo. Namwomba kila siku, anakataa, na mimi nanunua tu. Nikasema moyoni, lo! Aliyemshinda huyu kwa ubishi lazima nimwone."

Mkwe alicheka. Alicheka kwa nguvu huku machozi yanamtoka na kamasi pia, akajifuta kwa mkono wa fulana, na nikaona mguu ule mbovu ukikanyaga vizuri zaidi.

"Sasa mimi nikakujia sokoni. Hukunijua. Nikakuomba upunguze."

"Ulikuja?" mkwe aliuliza. "Mama, lini?"

"Hukupunguza!"

Alikuwa ameanza kukimbia. Si mbio zile za Salenda, mbio za mtu anayejikokota, lakini mbio. Shoga yangu naye akaongeza mwendo. Yule mama wa magoti mabovu, anayepanda ngazi za jengo letu kwa kupumzika kila ghorofa, alipandisha kanga, akakimbia pembezoni mwa barabara ya Kigali na ndala zake, anaendelea kusimulia. Sikusikia mengine. Nilisikia tu vigelegele vya wale mama wa juu vikiwapokea, na dumu. Walipofika penye uzio, mahali ambapo mshangiliaji hawezi kuendelea, mkwe alipinda kona peke yake. Hakusimama tena.

Nilimkuta shoga yangu ameshikilia uzio, anahema, hawezi kusema. Mama wa kitenge cha kijani alikuwa anampepea.

Kufika mwisho wa mbio ilituchukua muda, kwa vile tulitembea, na shoga yangu sasa alikuwa ndiye mgonjwa wetu. Tulimkuta mkwe amekaa kwenye nyasi, medali shingoni, amefunikwa lile karatasi la kung'aa wanalowapa wakimbiaji ili wasipate baridi.

"Wamemfunga kama samaki wa kuchoma," alisema shoga yangu. Kisha akakaa chini, akamvua viatu, akaweka miguu ya mkamwana wake mapajani mwake na kuanza kuikanda. Kucha mbili zilikuwa zimekuwa nyeusi. Mwenzetu wa Upanga alifungua sanduku lake hatimaye.

"Mama, sikupata nafasi yoyote," mkwe alisema.

"Umefika au hukufika?"

"Nimefika."

"Basi."

Halafu mkwe alisema, akitazama medali, kwamba alikimbia tangu shule ya msingi, alikimbia mashindano ya wilaya na ya mkoa, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuja kumtazama. Si kwamba hawakumpenda. Kulikuwa na mashamba, kulikuwa na ng'ombe. "Nilikuwa nikimaliza nawaona wenzangu wanakwenda kwa watu wao," alisema. "Mimi nakwenda kunywa maji."

Shoga yangu aliendelea kukanda, kidole kimoja kimoja. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye begi.

Tulirudi Dar na basi lile lile. Mume wake alitupokea Mbezi, amevaa shati la kazini, amekuja moja kwa moja kutoka bandarini. Alimkumbatia mkewe mbele ya watu na mama yake hakumkemea. Jengoni kwetu hakuna lifti. Kupanda, mkwe alipanda. Ila asubuhi yake aliposhindwa kushuka, miguu imegoma kabisa, tuligundua kwamba aliyemaliza marathoni anashuka ngazi kinyumenyume. Majirani walitoka milangoni kutazama, mkwe anashuka mgongo mbele, ameshikilia ukuta, anacheka na kuguna kila ngazi, na mumewe ametangulia chini yake mikono ameitandaza kama mtu anayengoja embe lidondoke. Watoto wa ghorofa ya pili walimwiga wiki nzima.

Siku hizi mkwe ana mtoto wa kike, amejifungua mwaka jana, na anarudia kukimbia kidogo kidogo. Klabu inaongelea kwenda Nairobi. Shoga yangu amekwisha kuuliza kama huko wanakamata nailoni. Mama wa kitenge cha kijani wa Kigali huwa ananipigia simu, anataka kanga za jumla, na kila anapopiga lazima kwanza nimpelekee simu shoga yangu dukani kwake, nao wanapigiana vigelegele pale pale, wateja wangu wamesimama wananingoja.